Kuhamia Mtungi Mkubwa wa Chuma: Namna ya Kuuchagua na Kupanga Upya Risasi za Kuzamia

Wazamiaji wengi wa maji ya joto, wawe wa Unguja, Mafia, Watamu au Muscat, hujifunzia mtungi wa hewa wa alumini wa lita 11.1, ule uitwao themanini kwa kuwa Wamarekani huupima kwa futi za ujazo, ingawa hewa yake halisi ni futi 77.4 tu. Siku mtu anapotaka mtungi wake mwenyewe, mara nyingi macho huenda kwenye mtungi wa chuma wa lita 12 au 15, kwa sababu ameambiwa mambo mawili: kwamba atakaa chini muda mrefu zaidi, na kwamba atapunguza risasi mkandani, yaani vile vipande vya madini ya risasi vinavyomsaidia kuzama. Yote mawili yana ukweli, lakini hayapatikani katika mtungi mmoja kwa kipimo kile kile, na asiyepiga hesabu mapema hununua moja akidhani amepata yote mawili.

Mara ya kwanza nilipoingia majini na mtungi wa chuma wa lita 15, upande wa mashariki wa Unguja, nilikuwa na mkanda ule ule wa kilo 6 niliouzoea na alumini. Nilishuka kama nanga. Nusu saa nzima ilipita nikiingiza hewa kwenye jaketi la kuelea na kuitoa, miguu ikitimua mchanga, na geji ikanionyesha kwamba sehemu nzuri ya hewa niliyoilipia ilikuwa imepitia kwenye jaketi badala ya mapafuni. Nilikuwa nimebadilisha mtungi bila kugusa risasi. Mwongozo huu unaeleza hesabu ambayo ningepaswa kuifanya nikiwa bado nchi kavu, na majaribio yanayofuata majini.

Kwanza, jua unatumia hewa kiasi gani

Usichague ukubwa wa mtungi kabla hujajua mapafu yako yanahitaji nini. Ogelea kwa utulivu kwenye kina kimoja kwa dakika 10, kisha utazame geji imeshuka kiasi gani. Tuseme ulikuwa mita 10 chini, ukiwa na mtungi wa lita 11.1, na geji ikashuka kwa baa 36 (baa ni kipimo cha shinikizo). Zidisha 36 kwa 11.1, utapata takriban lita 400, yaani lita 40 kwa dakika. Kwa kuwa shinikizo kwenye mita 10 ni baa 2, gawanya kwa 2, na jibu ni lita 20 kwa dakika juu ya maji. Namba hiyo ni yako mwenyewe, na itakufaa kuliko sifa yoyote ya muuzaji.

Sasa ipeleke mita 20, ambako shinikizo ni baa 3 na matumizi yanakuwa lita 60 kwa dakika. Mtungi wa alumini uliojazwa baa 200, ukibakiza baa 50 za akiba, unakupa lita 1,665, sawa na dakika zisizotimia 28. Mtungi wa chuma wa lita 12 kwa shinikizo hilo hilo unakupa lita 1,800, sawa na dakika 30. Wa lita 15 unakupa lita 2,250, sawa na dakika 37 na nusu. Hapo ndipo wengi hushangaa: kutoka alumini kwenda chuma cha lita 12 umeongeza dakika 2 tu. Anayetafuta muda wa kukaa chini anahitaji lita 15, ilhali faida ya lita 12 ipo mahali pengine, nayo tutaifikia.

Ukumbuke pia kwamba hewa si kikomo pekee. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, linaruhusu dakika 56 kwenye mita 18 na dakika 20 tu kwenye mita 30 bila vituo vya lazima wakati wa kupanda. Kwenye mita 30 mzamiaji wetu wa lita 20 atatumia lita 80 kwa dakika, na dakika 20 zitamgharimu lita 1,600, ambazo mtungi wa alumini karibu unazitosheleza, ingawa hewa ya kupandia itaila ile akiba. Kwa hiyo anayezamia kuta za Pemba kwenye kina hicho asitegemee kwamba mtungi mkubwa utamwongezea dakika chini. Utamwongezea akiba, na ukutani, ambapo sakafu ya bahari imeshuka mamia ya mita, akiba ndiyo inayotakiwa. Mwenye mtungi wa lita 15 asiyetazama kompyuta yake ya kuzamia, ile ya mkononi inayohesabu dakika hizo, ana hewa ya kutosha kukaa kupita kikomo hicho na kujiletea ugonjwa wa kuzamia.

Pili, uliza kompresa ya kwenu inajaza baa ngapi

Mitungi ya Ulaya ya chuma, kwa mfano ile ya Faber ya Italia, mingi imegongwa mhuri wa baa 232. Mtungi wa lita 15 ukijazwa baa 200 badala ya 232 umepoteza lita 480, ambazo ni dakika 8 kwenye mita 20 kwa mtu wetu wa mfano. Joto nalo linachangia, kwa sababu mtungi uliojazwa haraka hadi baa 232 ukiwa na joto la nyuzi 45 utasoma baa 219 hivi ukishapoa hadi nyuzi 27 za bahari. Ujazaji wa taratibu una thamani, na mjazaji anayeacha mitungi ipoe kisha akaiongezea ni mtu wa kushikamana naye.

Mitungi ya chuma ya Kimarekani iko ya namna mbili. Ile ya shinikizo la juu hujazwa hadi baa 237, na inayoitwa 100 ina ujazo wa lita 12.9 hivi, ilhali ya 120 ina lita 15.3 hivi. Ile ya shinikizo la chini imeidhinishwa hadi baa 182 tu, hata ikiwa na alama ya kujumlisha inayoruhusu asilimia 10 zaidi. Ukiununua mtungi wa aina hii kwa mtu anayehama na kuupeleka kwenye kompresa ambako kila mtungi hujazwa baa 200 bila kusomwa, umeuweka juu ya kiwango chake kila siku ya Mungu. Kuhusu mitungi ya baa 300, kuta zake ni nene na huzama sana, na koki yake haipokei regulata (kifaa cha kuvutia hewa) ya aina ya kubana. Kwa maji ya nyuzi 27 sioni sababu ya kuitafuta.

Tatu, soma mabega ya mtungi na uukague

Kila unachohitaji kimegongwa kwenye chuma chenyewe, karibu na shingo: ujazo kwa lita, uzito wa mtungi mtupu kwa kilo, shinikizo la kazi, shinikizo la majaribio, na tarehe za majaribio. Nakili namba hizo kwenye karatasi, kwani uzito na ujazo ndivyo vitakavyoendesha hesabu yetu. Angalia kama uzito ulioandikwa ni wa mtungi bila koki, jambo ambalo ni la kawaida kwa mitungi ya Ulaya. Koki nayo huwa na kilo 0.8 hivi.

Kwa mtungi wa mkono wa pili, adui ni kutu. Chuma hakina neno na chumvi iliyo nje kama rangi au zinki yake ni nzima, lakini maji ya chumvi yakiingia ndani yanakula chuma kimyakimya, na kutu inapokua ndani ya mtungi uliofungwa huila oksijeni iliyomo, kiasi kwamba mtungi uliokaa miaka na unyevu ndani unaweza kuwa na hewa isiyofaa kuvutwa. Vua kiatu cha plastiki kilicho chini, kwa maana hapo ndipo maji husimama na watu wengi hawafiki. Mwombe mkaguzi afungue koki na kumulika ndani. Wekundu mwepesi kama vumbi la udongo unaweza kusafishwa; mashimo yanayoshikika kwa ncha ya sindano yanahitaji uamuzi wa mtaalamu, na mara nyingi uamuzi huo ni kuutupa mtungi. Uingereza hutaka ukaguzi wa ndani kila miaka 2 na nusu na jaribio la shinikizo la maji kila miaka 5. Marekani jaribio la maji ni kila miaka 5 na desturi ya wazamiaji ni ukaguzi wa ndani kila mwaka. Kwa bahari ya joto na kompresa zenye unyevu, mimi hufuata mwaka.

Kuna hatari moja ambayo haionekani kwa macho na imewahi kuumiza watu. Shingo za mitungi ya Ulaya ya sasa zina meno ya skrubu ya kipimo cha M25 kwa 2, ilhali za Kimarekani zina meno ya robo tatu ya inchi. Koki ya M25 huingia kwenye shingo ya Kimarekani, hukaza kidogo, na huonekana imeshika, mpaka mtungi unapojazwa na koki kuruka kama kombora. Kama muuzaji anasema koki ilibadilishwa, sharti alama ya meno iliyogongwa kwenye koki ilingane na iliyogongwa shingoni. Isipolingana, au isiposomeka, usiujaze mtungi huo hata kwa majaribio.

Halafu pima kimo na unene. Mtungi wa alumini wa themanini una kipenyo cha milimita 184 na urefu wa sentimita 66 hivi. Mtungi wa lita 15 wa Ulaya huwa na milimita 203, kwa hiyo mkanda wa jaketi lako lazima uwe na urefu wa kuuzunguka. Ule wa Kimarekani wa 120 unabaki na unene wa milimita 184 lakini unafika sentimita 71, na mzamiaji mfupi atausikia ukimgonga nyuma ya kichwa au chini ya makalio kila anapoketi kwenye boti. Usinunue kabla hujauvaa.

Nne, piga hesabu ya kuelea kwa mtungi mtupu

Hapa ndipo kiini cha mambo kilipo. Risasi hupangwa kwa mtungi ulio karibu kuisha, wala si kwa mtungi uliojaa, kwa kuwa saa unayohitaji kutulia pasipo kupanda ni ile ya mwisho, ukiwa mita 5 chini kwa dakika 3 za kusubiri, hewa ikiwa imepungua na suti imetanuka.

Kitu kilicho majini husukumwa juu kwa uzito wa maji yaliyosogezwa. Tafuta kwanza mtungi unasogeza maji kiasi gani: chukua uzito wa chuma, ugawanye kwa 7.8, ambao ni uzito wa lita moja ya chuma, kisha ujumlishe ujazo wa ndani. Kwa alumini gawanya kwa 2.7. Zidisha jumla hiyo kwa 1.025, ambao ni uzito wa lita moja ya maji ya bahari, halafu utoe uzito wa mtungi pamoja na koki.

Chukua mtungi wa alumini wa kilo 14.3. Kuta zake zina ujazo wa lita 5.3, na ukijumlisha 11.1 unapata 16.4. Maji yaliyosogezwa yana kilo 16.8. Mtungi na koki vina kilo 15.1. Kwa hiyo mtungi huo ukiwa mtupu unaelea kwa kilo 1.7, na kumbe sehemu ya risasi uliyokuwa ukibeba miaka yote ilikuwa ya kuuzamisha mtungi, wala si wewe.

Sasa chukua mtungi wa chuma wa lita 15 wenye kilo 17.5. Kuta zake zina lita 2.24, jumla 17.24, na maji yaliyosogezwa ni kilo 17.7. Mtungi na koki ni kilo 18.3. Ukiwa mtupu unazama kwa kilo 0.6. Tofauti kati yake na alumini ni kilo 2.3.

Halafu wa lita 12 wenye kilo 14.5. Kuta ni lita 1.86, jumla 13.86, maji kilo 14.2, mtungi na koki 15.3. Unazama kwa kilo 1.1, na tofauti na alumini ni kilo 2.8. Soma tena namba hizo mbili. Mtungi mdogo wa chuma unakuondolea risasi nyingi kuliko mkubwa, kwa sababu mkubwa, pamoja na uzito wake wote ufukweni, unasogeza maji mengi zaidi. Hesabu hizi ni za mitungi ya mfano. Yako itatofautiana kidogo kulingana na unene wa kuta, ndiyo maana ulinakili namba za mabegani.

Asiyeamini karatasi atumie mizani ya kuning'iniza, ile ya wavuvi wa sokoni. Bakiza baa 30 ndani ya mtungi, ufunge kwa kamba shingoni, uushushe kwenye maji ya gatini hadi uzame wote, na usome mizani. Ikiwa mtungi wa lita 15 unasoma kilo 1.1, ondoa uzito wa hewa iliyobaki, ambayo ni lita 450 za gramu 1.2 kila moja, yaani kilo 0.5 hivi, na utapata kilo 0.6 za hesabu yetu. Mimi hufanya yote mawili, na mara moja mizani iliniumbua: nilikuwa nimesoma 16 mahali palipoandikwa 18 kwa sababu rangi ilikuwa imeziba mhuri.

Tano, geuza tofauti hiyo kuwa risasi

Risasi nayo husogeza maji. Kilo moja ya risasi ikiwa baharini inakuvuta chini kwa kilo 0.91 tu. Kwa hiyo tofauti ya kilo 2.3 ni sawa na risasi za kilo 2.5, na tofauti ya kilo 2.8 ni sawa na kilo 3. Mzamiaji aliyekuwa amepimwa vizuri kwa kilo 6 na alumini ataanza na kilo 3.5 akiwa na chuma cha lita 15, na kilo 3 akiwa na cha lita 12.

Tazama sasa mzigo wa nchi kavu, jambo ambalo watu wa Paje na Matemwe wanalielewa kuliko wote, kwani maji yakitoka boti husimama mbali na mtu hutembea na vyombo vyake juu ya mwamba na mwani. Alumini iliyojaa pamoja na kilo 6 za risasi ni kilo 23.8. Chuma cha lita 15 kilichojaa pamoja na kilo 3.5 ni kama kilo 25.8. Chuma cha lita 12 kilichojaa pamoja na kilo 3 ni kama kilo 21.5. Hiyo ndiyo faida ya lita 12 niliyoahidi kuitaja: mgongo. Kwa mtu asiye mlaji mkubwa wa hewa, mwenye kuzamia mara mbili kwa siku na kubeba vyombo vyake mwenyewe, ningemshauri lita 12 bila kusita.

Lakini yupo mtu ambaye nisingemshauri mtungi wa chuma kabisa. Mzamiaji mwembamba, anayevaa fulana ya kujikinga na jua tu wakati wa kaskazi, huenda anahitaji kilo 2 za risasi na alumini. Ukimpa chuma cha lita 12, hata akivua risasi zote, bado amezidi kwa kilo moja, na hana kitu cha kutupa akipata dharura. Mitungi ya chuma inapendwa sana na wazamiaji wa maji ya baridi wenye suti nene, ambao hubeba risasi za kilo 10 na zaidi. Sifa zake nyingi zimetoka huko, na kwetu zinahitaji kupunguzwa chumvi.

Sita, angalia mwanzo wa mzamio, jaketi likigoma

Ukishapanga risasi kwa mwisho wa mzamio, geukia mwanzo wake. Hewa ina uzito. Lita 15 kwa baa 232 ni hewa ya kilo 4 hivi. Alumini iliyojaa ina kilo 2.7. Maana yake, hata ukiwa umepanga risasi sawasawa, unaanza mzamio ukiwa mzito kwa kilo 4 na kuumaliza ukiwa sawa. Juu ya hapo, suti ya milimita 3 yenye uwezo wa kukuelesha kwa kilo 3 hapo juu itapoteza kilo 2 hivi ukifika mita 30, kwa kuwa vipovu vyake vimebanwa mara 4.

Jumlisha. Kwenye mita 30, dakika za mwanzo, unabebwa na jaketi kwa kilo 6. Jaketi likipasuka au bomba lake likichomoka, kilo 6 ni mzigo ambao watu wengi hawawezi kuupandisha kwa mapezi ya miguuni pekee bila kuhema hadi kuishiwa. Ukiangusha kilo 3.5 za mkandani, ambazo majini huvuta kama kilo 3.2, zinabaki 2.8, na hizo zinaogeleka. Kwa hiyo risasi zako zote, au karibu zote, ziwe mahali ambapo mkono mmoja unaweza kuziachia. Usizifunge kwenye mkanda wa mtungi wala kuzishonea mifukoni, hata kama zinakaa vizuri huko. Hakikisha pia jaketi lenyewe lina uwezo wa kubeba zaidi ya kilo 6 hizo kwa nafasi ya kutosha. Majaketi mepesi ya safari yasomwe kibandiko kabla ya kuaminiwa.

Saba, nenda ukajaribu majini

Jaribio la kwanza lifanyike upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe, kwenye mchanga wa mita 5 au 6, pasipo mkondo, ukiwa na mwenzako. Usilifanye ukutani.

Anza juu ya maji ukiwa na mtungi uliojaa. Toa hewa yote kwenye jaketi, simama wima bila kupiga mapezi, na uwe na pumzi ya kawaida. Kama ungekuwa na mtungi mtupu, maji yangefika usawa wa macho. Kwa kuwa umejaa, unatakiwa kuzama taratibu. Waliozoea kufanya jaribio hili kwa risasi chache kisha kuongeza kilo 2 kwa ajili ya hewa itakayotumika, kwa alumini wako sawa, lakini kwa lita 15 hewa kutoka baa 220 hadi 50 ina uzito wa kilo 3, na nyongeza iwe hiyo.

Kama huzami, usikimbilie risasi. Nguo mpya huwa na hewa kwenye mikunjo, jaketi huwa na kifuko cha hewa begani, na mtu mwenye wasiwasi huvuta pumzi na kuishikilia bila kujua. Lowa kwanza, inua bomba la kutolea hewa juu kabisa, toa pumzi polepole hadi mwisho, na usubiri. Nimewaona watu wakiongezewa kilo 2 hapo ambao dakika 10 baadaye walikuwa wakipigania kutoka mchangani.

Jaribio la maana ni la mwisho. Ukibakiwa na baa 50, kaa mita 5 na utoe hewa yote kwenye jaketi. Uking'ang'ana usipande, risasi zimepungua. Ukitoa pumzi ya kawaida ukaenda chini kwa kasi, zimezidi. Mkabidhi mwenzako nusu kilo, tulia dakika moja, jaribu tena. Unapotakiwa kufika ni pale ambapo pumzi ya kuvuta inakuinua kidogo, ya kutoa inakushusha kidogo, na pumzi iliyotolewa yote inakuzamisha polepole. Uzito huo mdogo uliobaki si makosa, kwa kuwa baa 50 za lita 15 bado zina kilo 0.9 ya hewa, na siku mwenzako atakapohitaji kuvuta kutoka kwenye mtungi wako, hewa hiyo itaondoka.

Nane, rekebisha mlalo wa mwili

Mkanda ukishapungua, uzito umehama kutoka kiunoni kwenda mgongoni, na mwili utakuambia. Ukilala kifudifudi ukaona unataka kupinduka chali kama kasa aliyegeuzwa, sogeza risasi zilizobaki mbele, karibu na tumbo. Miguu ikizama, legeza mkanda wa jaketi na upandishe mtungi sentimita 3 au 4 kuelekea kichwani. Kichwa kikizama, ushushe. Badilisha kitu kimoja kwa kila mzamio, la sivyo hutajua kilichosaidia ni kipi.

Tisa, msimu na aina ya maji

Kipimo ulichokipata ni cha suti ile na maji yale. Wakati wa kusi, bahari inaposhuka kuelekea nyuzi 25 na watu wakavaa suti za milimita 5, risasi zitaongezeka tena, na hapo hata yule mwembamba anaweza kuufurahia mtungi wa chuma. Suti mpya huelea zaidi ya iliyochakaa, kwa hiyo jaribio la baa 50 lirudiwe kila unapobadilisha nguo.

Maji yasiyo na chumvi yana hesabu yake. Anayetoka baharini kwenda Kigoma kuzamia na samaki wa Ziwa Tanganyika apime uzito wake wote akiwa amevaa kila kitu na aondoe asilimia 2.5 hivi: kwa jumla ya kilo 100 ni kama kilo 2.5 za risasi. Mzamiaji wetu mwenye lita 15 na kilo 3.5 atabaki na kilo moja, na karibu kila kinachomzamisha kitakuwa kimefungwa mgongoni asipoweza kukiachia, kwa hiyo huko arudi kwenye alumini. Ziwa lenyewe liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachotaka kompyuta au jedwali la nyanda za juu.

Kila mzamio ukiisha, andika kwenye daftari mstari mmoja: mtungi gani, suti gani, bahari au ziwa, risasi kilo ngapi na zilikaa wapi, na ulikuwaje kwenye mita 5 ukiwa na baa 50. Mtungi nao uoshe kwa maji ya bomba, ukauke ukiwa umesimama bila kiatu chake, na uuhifadhi ukiwa na baa 10 au 20 ndani ili unyevu usipate njia ya kuingia.